Mukate wa muhogo uwe wa muhogo kweli



Siku hizi mikate na mandazi ya muhogo inaanza kuonekana ku masoko yetu ya Kivu ya Kusini. Muuzaji anaita wapita njia: "Kuya, hii ni ya muhogo!" Kama agronome ninafurahi. Miaka mingi tuliimba wimbo mumoja tu wa bugali, na mutu aliyetaka mukate alipaswa kununua bunga iliyovuka bahari. Sasa muhogo wetu unaingia ndani ya furu. Ni maendeleo.

Lakini kuna swali moja ambalo ninaomba tuulizane bila hasira: ndani ya ule mukate, muhogo ni kiasi gani? Mara nyingi jibu ni hili: sehemu moja ya muhogo, sehemu tatu ao ine za ngano. Kwa mutu mwenye afya, hiyo haina shida. Atakula, atashiba, ataenda shamba. Kwa mutu ambaye mwili wake unakataa ngano, jibu hilo linaweza kumupeleka hospitali usiku. Juu ya hiyo ninaandika leo. Mawazo yangu ni haya: koperative inayouza bunga ao mukate ina deni la kusema wazi kilichomo, na kulinda bunga ile isichanganyike njiani. Si kazi ya serikali peke yake wala ya daktari. Ni kazi yetu, kwa sababu bunga inapita mikononi mwetu.

Ngano inamudhuru mutu namna gani?

Ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la mukate livutike kama mupira na kushika hewa ya chachu mpaka mukate unavimba. Inapatikana vilevile ndani ya shayiri, ile inayotumiwa kwa kutengeneza pombe ya chupa. Muhogo, mahindi, muchele, mtama (masaka), ulezi, viazi na ndizi hazina gluteni. Tuseme wazi: karibu kila kitu tunacholima hapa kwetu hakina gluteni. Ngano yenyewe inalimwa kidogo ku milima ya Lubero kule Kivu ya Kaskazini, lakini karibu ngano yote inayoliwa Kongo inatoka inje.

Kuna magonjwa mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni aleji ya ngano. Mwili unaona protini za ngano kama adui, unapigana nazo palepale. Kiisha dakika chache ao saa chache, ngozi inawasha na kutoka mapele, midomo inavimba, mutu anatapika, na mara nyingine pumzi inakuwa nzito. La pili ni ugonjwa wa seliaki. Huo hauna haraka. Gluteni inaharibu polepole ngozi ya ndani ya matumbo, chakula kinapita bila kuingia mwilini. Mutoto anaharisha wiki kwa wiki, tumbo linajaa, mikono na miguu inakonda, damu inapunguka, haongezeki kilo hata akila vizuri.

Wengine wanasema hayo ni magonjwa ya Wazungu. Hapana. Mwaka 1999 madaktari walichapisha uchunguzi waliofanya kwa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi, hapahapa Afrika. Walikuta watoto karibu 5,6 kwa kila 100 wana seliaki, na hiyo ni hesabu kubwa kupita ile ya Ulaya. Na ujuzi wenyewe kwamba ngano ndiyo inaleta ugonjwa huo ulitokana na njaa. Daktari mumoja wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akitunza watoto wenye seliaki. Wakati wa njaa kubwa ya vita, mwaka 1944 kuelekea 1945, mikate ilikosekana kabisa. Watu walikonda, lakini wale watoto wagonjwa wakaanza kupona. Mikate iliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke aliyaandika hayo ndani ya kitabu chake cha udaktari mwaka 1950.

Kwetu kuna hatari nyingine tena, na tunaijua wote. Mutoto akienda kwa jirani, akala, akarudi midomo imevimba na anatapika, neno la kwanza linalosemwa ni sumu. "Wamemutegea." Hapo hapo urafiki wa miaka 20 unavunjika, mama aliyempa mutoto kipande cha mukate kwa upendo anaanza kuogopa kutoka inje. Sisemi kwamba watu hawana ubaya. Ninasema kwamba kabla ya kumutaja jirani, tuulize: mutoto alikula nini, na kile chakula kilikuwa na nini ndani? Kama tunajua kilichomo, tunaweza kuokoa mutoto na vilevile kuokoa jirani.

Neno kwa upande mwingine pia. Si kila tumbo linalouma ni ngano. Kwetu minyoo, amiba na maji machafu ndivyo vinaumiza watoto wengi zaidi. Musimukataze mutoto mukate kwa sababu ya habari mulizosikia ku redio ao njiani. Mupeleke kwanza kwa muganga. Na kama kuna nafasi ya kumupima damu kwa ajili ya seliaki, asiache ngano mbele ya kupimwa, maana kipimo kinatafuta alama ambazo zinapotea mutu akiacha kula ngano. Kwa aleji yenye nguvu ni kinyume: aache mara moja, asijaribu hata kidogo.

Mutoto wa dada yangu

Ninasema haya kwa sababu jambo liko ndani ya familia yetu. Mutoto wa dada yangu, muvulana wa miaka 6, ana aleji ya ngano. Muganga alieleza dada kwa maneno mafupi: ngano hapana, hata chembe. Kwa chakula cha siku zote haikuwa shida: bugali ya muhogo, maharagwe, sombe, samaki wa ziwa, ndizi. Shida ilikuwa asubuhi na siku za sherehe. Watoto wengine wanachovya mukate ndani ya chai, yeye anaangalia. Mutoto anayeangalia wenzake wakila, siku moja ataiba kipande. Hiyo haihitaji diploma kuielewa.

Siku moja bibi yake, akiwa safarini, alimunulia mukate njiani. Aliuliza vizuri: "Mama, hii ni ya nini?" Muuzaji akajibu: "Iko ya muhogo." Usiku mutoto alivimba uso, akaanza kupumua kama mutu anayepanda mulima. Namshukuru Mungu kituo cha afya kilikuwa karibu na dawa ilikuwapo. Nilirudi kumuona yule mama muuzaji, si kwa kugombana. Aliniambia bila kuficha: kwa kila kopo moja la muhogo anaweka makopo matatu ya ngano, "maana bila ngano haivimbe." Kwake yeye hakusema uongo. Muhogo ulikuwamo. Hakuna mutu aliyemufundisha kwamba kwa mutu fulani jina la mukate ni sawa na jina la dawa: ukikosea, unaua.

Kupika mukate bila ngano

Mama yule alisema kweli kwa jambo moja: bila gluteni donge halishiki hewa. Lakini kuna njia. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa FAO walionyesha kwamba uji wa muhogo uliopikwa unaweza kuchukua kazi ya gluteni: unanata, unashika hewa ya chachu. Mimi na dada tumepika kwa njia hiyo mara nyingi. Ninawapa vipimo vyetu:

Bunga ya muhogo gramu 400, na bunga ya muchele ao ya mahindi meupe gramu 100. Maji karibu nusu litre. Mayai 2. Sukari vijiko 2 vikubwa, chumvi kijiko 1 kidogo, mafuta vijiko 3 vikubwa, chachu (levire) ya kukauka vijiko 2 vidogo.

Kwanza, toa gramu 50 ndani ya bunga ya muhogo, changanya na maji baridi kiasi cha glasi moja na nusu, weka ku moto, koroga bila kuacha mpaka inakuwa uji unaonata na kung'aa. Ondoa, acha ipoe mpaka kidole kinavumilia. Usiweke chachu ndani ya uji wa moto, itakufa.

Pili, weka chachu na sukari ndani ya maji ya vuguvugu yaliyobaki, ngoja dakika 10 mpaka inatoa povu. Kama haitoi povu, chachu ni ya zamani, tafuta nyingine.

Tatu, changanya bunga iliyobaki, chumvi, mafuta, mayai, uji na maji ya chachu. Koroga na mwiko. Usifinyange kama donge la ngano, hakuna gluteni ya kuamsha, unajichokesha bure. Inapaswa kuwa nzito kama uji wa mutoto, ya kumwaga polepole, si ya kushika na mikono. Watu wengi wanaharibu hapa: wanaongeza bunga mpaka inafanana na donge la ngano, kiisha mukate unatoka kama jiwe.

Ine, paka sufuria mafuta, mimina mpaka nusu, funika, weka pahali pa joto dakika 40 mpaka saa moja. Inavimba mara moja tu. Ikishapanda, peleka ku moto, usiirudishe chini.

Asiye na furu atumie babula na sufuria kubwa: muchanga mukavu chini, sufuria ndogo ya mukate juu ya muchanga, kifuniko, na makala ya moto juu ya kifuniko. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kiisha dakika 45 ao 50 choma katikati na kijiti. Kikitoka kikavu, mukate umeiva. Ngoja upoe kabisa mbele ya kukata, la sivyo ndani utaonekana mubichi na kunata.

Mukate huu ni muzuri siku ile ile. Kesho yake unakuwa mugumu, basi upashe moto. Na tukumbuke: bunga ya muhogo ina protini kidogo sana, kilo 1 ao 2 tu kwa kilo 100, wakati ya ngano inafika 10 na zaidi. Mutoto asishibishwe na mukate huu peke yake. Apate maharagwe, mayai, samaki, ao karanga kama mwili wake unakubali. Mwenye aleji ya mayai, acha mayai, ongeza kijiko kimoja cha bunga ndani ya uji. Mukate utakuwa mufupi kidogo lakini utalika.

Bunga njo kazi yetu

Mutajiuliza: gazeti la wakulima linafanya nini jikoni? Nimeingia jikoni kwa sababu mukate huo hauwezi kuwa bora kuliko bunga yake.

Bunga tunayoizoea kwa bugali imetoka ku muhogo uliolowekwa siku 3 ao 4. Kwa muhogo muchungu, kuloweka ni lazima, na hiyo desturi ya mababu zetu ina akili. Lakini inaleta harufu na ukali ambao katika mukate haupendezi. Kwa mukate tunahitaji bunga isiyochacha: muhogo mutamu, uliovunwa leo, unamenywa, unaoshwa, unakwaruzwa kwa mashini, unakamuliwa ndani ya mufuko mpaka maji yanatoka, unaanikwa mwembamba juu ya plastiki safi, kiisha unasagwa na kuchekechwa. Kazi yote mpaka kukausha isipite siku moja ao siku moja na nusu. Kilo 100 za muhogo mubichi zinatoa karibu kilo 20 mpaka 25 za bunga hiyo.

Hapa ninapiga kengele. Musifanye kazi hiyo kwa muhogo muchungu. Sumu ya muhogo, ile ya sianidi, si maneno ya kutisha watoto. Kule Kwango, madaktari waliandika habari za ugonjwa wa konzo tangu mwaka 1938: watu wanalala wazima, wanaamuka miguu imekufa, na haiponi tena. Unashika hasa familia zinazokula muhogo muchungu usiotengenezwa vizuri, bila samaki wala maharagwe. Kipimo cha kimataifa kinasema bunga ya muhogo isizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Hatuna maabara ku kila kijiji, basi ulinzi wetu ni kujua aina tunayopanda, na kutochanganya mihogo mitamu na michungu ndani ya rundo moja. Anayepokea muhogo ku depo aulize aina mbele ya kupima kilo.

Na mwenye bunga ambayo anaishuku, kuna njia nyepesi ya kupunguza sumu, iliyofundishwa vijijini kule Popokabaka: changanya bunga na maji, itandaze nyembamba isiyozidi sentimetre moja, masaa 2 ku jua ao masaa 5 kivulini, kiisha pika bugali siku ile ile. Lakini hiyo ni ya bugali. Kwa bunga ya kuuza, tuanze na muhogo mutamu.

Mahali bunga inapochafukia

Tuseme tumefanya yote vizuri. Bunga yetu inaweza kupotea katika pahali patatu.

Pa kwanza ni mashini ya kusaga. Asubuhi inasaga ngano ya mutu, saa sita mahindi na soya kwa uji wa watoto, jioni muhogo. Mabaki ya kwanza yanabaki ndani. Mutu mwenye aleji ya soya ao ya karanga naye anakutana na hatari ile ile. Dawa yake: siku moja ya wiki ni ya muhogo tu, na inaanza asubuhi. Mbele yake, mashini inafunguliwa, inapigwa burashi, kiisha kilo 5 za kwanza za muhogo zinasagwa na kuwekwa kando, zinauzwa kama bunga ya kawaida ao zinapewa nguruwe. Kwa mutu mwenye aleji kali sana, bado ninashauri kinu cha nyumbani ambacho hakijaona ngano hata siku moja.

Pa pili ni mifuko. Tunapenda mifuko ya ngano kwa sababu ni migumu na iko bei nzuri. Tunaikung'uta, tunaweka muhogo wetu. Kukung'uta hakutoshi. Mifuko ya bunga ya mukate iwe mipya, ao ile ambayo imebeba muhogo tu.

Pa tatu ni mudomo wetu. Mukate wenye ngano na muhogo si mukate mubaya. Nigeria, mwaka 2005, serikali ilitaka wenye kusaga waweke muhogo 10 kwa 100 ndani ya bunga ya mukate, kwa kusaidia wakulima na kupunguza ngano ya kununua inje. Mimi ninaunga mukono wazo kama hilo kwetu. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, tuliona ngano ikipanda bei mpaka huku kwetu ambapo hatujui hata Ukraine iko wapi. Lakini mukate huo uitwe kwa jina lake: mukate wa muchanganyiko. Jina "mukate wa muhogo" tulichunge kwa ule usio na ngano hata chembe.

"Ni watu wangapi?"

Nilipoleta mawazo haya ku kikao kimoja, mzee mumoja aliniuliza: "Agronome, ni watu wangapi wenye ugonjwa huo? Tutafunga mashini siku nzima kwa ajili ya mutoto mumoja?" Swali ni la haki. Mwenye kusaga anakula ku mashini yake.

Jibu langu la kwanza: siku ya muhogo haifungi mashini. Inasaga kama siku zote, ila watu wanapanga mihogo yao kwa siku ile. Kinachopotea ni nusu saa ya kusafisha, na kilo 5 ambazo hazitupwi.

La pili: hesabu ya wagonjwa hatuijui kwa sababu hatuwapimi. Wale waliokufa wakaitwa wamelishwa sumu, nani aliwaandika? Kukosa hesabu si kukosa watu.

La tatu ni la biashara. Bunga nyeupe, isiyo na harufu, iliyo na jina la aina ya muhogo na tarehe ya kusagwa ku mufuko, haitamufaa mugonjwa peke yake. Mwenye furu wa Bukavu ataitaka, muhoteli ataitaka, mama anayepika mandazi ataitaka, kwa sababu leo hawana uhakika na bunga wanayonunua. Mutu akijua kwamba mufuko wa koperative fulani hauna uongo, atarudi. Lakini ninaomba tusiuze kwa hofu. Tusiandike "dawa" ku mufuko, tusiambie watu wazima wenye afya kwamba ngano inawaua. Hiyo ingekuwa kuacha uongo mumoja na kushika mwingine.

Mama mumoja katika kikao kile alisema neno ambalo mzee hakulijibu: "Kama mutoto yule angekuwa wa prezida wa koperative, tungemaliza kikao hiki zamani."

Ninachoomba

Ku mukutano mukuu unaokuja, ninaomba kila koperative ijadili mambo ine na kuyaandika ndani ya kaye ya kikao.

Moja: kuchagua siku ya muhogo ku mashini, na mutu mumoja mwenye jukumu la kusafisha. Jina lake liandikwe, maana kazi ya wote inabaki bila mwenyewe.

Mbili: kutenga mifuko ya bunga ya mukate, na kuweka alama ya rangi ambayo hata asiyesoma ataitambua.

Tatu: kuandika ku mufuko ao ku kibao cha soko kilichomo: muhogo peke yake, ao muhogo na ngano, ao mahindi na soya. Na muuzaji afundishwe kujibu. Akiulizwa na hajui, aseme "sijui". Ile "sijui" inaweza kuokoa mutoto kuliko "hapana shida, kula tu."

Ine: kualika muganga wa kituo cha afya nusu saa, aeleze alama za aleji. Hata leo mushike hii: mutu akivimba midomo ao ulimi kiisha kula, pumzi ikawa nzito, ao akaanguka, musimupe maziwa wala mafuta ya mawese kwa kuua sumu, musimulazimishe kutapika. Mumulaze, kama anashindwa kupumua mumukalishe, na mukimbie naye kituo cha afya. Mwambieni muganga alichokula. Kuna sindano ya adrenalini inayopigwa ku paja, nayo haingoji kesho. Koperative iulize kituo chake kama dawa hiyo iko, na kama haiko, iandike barua kwa zone de santé.

Kwa wale ambao wako tayari kutengeneza bunga isiyochacha, munikute siku yetu ya kawaida ya kutembelea mashamba. Mulete muhogo kilo 20, wa aina moja munayoijua jina, nami nitaleta mashini ya kukwaruza. Tutafanya pamoja tangu kumenya mpaka kuanika, na wenye babula walete sufuria mbili na muchanga.

Agronome wenu